Mwaka Nilipoiosha Sauti ya Mwalimu Luhende

Ujumbe wa Mwalimu Luhende ulinikuta jikoni nikichambua mchicha. Ulikuwa wa herufi kubwa tupu, kama anavyoandika siku zote: MAYU AMEPUMZIKA ALFAJIRI. TUNAZIKA KESHO SAMUYE. Nikanawa mikono, nikausoma tena, kisha nikaketi na beseni miguuni, maji ya bomba yakiendelea kuchuruzika kwa sababu nilisahau kuyafunga. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Hakuwa mama yangu mzazi. Nilimjua nikiwa na miaka ishirini, yeye tayari kipofu na mtu mzima sana, na nilimjua kwa sababu ya kosa nililolifanya kwa kidole kimoja, kwa kubonyeza mara moja. Kesho yake nilisimama kijijini Samuye katikati ya wanawake waliojifunga khanga viunoni, nikamwona Mwalimu kwa mbali, nywele zimekuwa nyeupe, kitambaa shingoni, akipokea pole za watu kwa kuinamisha kichwa. Kila aliyempa mkono alisubiri kidogo, kama watu wanavyosubiri jibu, kisha akakumbuka na kusogea. Tangu nirudi sijaweza kufikiria kitu kingine. Nauandika mwaka ule kama ulivyokuja.

Nilikuwa nimeajiriwa katika steshenari ya Mama Nasra, mjini Shinyanga. Chumba cha mbele kilikuwa na kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi iliyopasha hewa moto kama jiko, na benchi la mbao ambapo wateja waliketi wakisubiri barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja na nyimbo. Nyuma kulikuwa na stoo ndogo yenye marobota ya karatasi, kompyuta ya zamani isiyotumika, na mkeka ambao Mama Nasra aliswalia. Babu yake aliletwa na biashara ya pamba kutoka India. Yeye mwenyewe alizaliwa mitaa miwili kutoka pale, na Kisukuma chake cha dukani kiliwaacha wakulima mdomo wazi. Saa saba tulikula pamoja stoo. Yeye alileta chakula katika makopo ya chuma yaliyopandana, dengu kopo la chini, wali la kati, achari ya ndimu juu. Mimi nilileta michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, nimevichemsha na karanga. Alivipenda kuliko dengu zake. "Kabula, leo umenipunja," alizoea kusema akichungulia bakuli langu. "Yaani wali wangu wote huo, wewe unanipa viazi saba?" Tukimaliza nilichukua makopo yake, nikayaosha kwenye ndoo ya uani mpaka yakang'aa, nikayapanga upya. Nilikuzwa hivyo: chombo cha mtu kikikaa mikononi mwako hata saa moja, unakirudisha safi kuliko kilivyokuja, wala husubiri kuombwa.

Flashi nazo tulizifanyia hivyohivyo. Pale dukani tulisema kuosha. Mteja akileta flashi, kabla hujafungua chochote unaipitisha kwenye antivairasi, na kila kinachoonyeshwa kwa rangi nyekundu unakiondoa. Ilikuwa sheria ya Mama Nasra, na ilikuwa na sababu. Miaka miwili kabla sijafika, flashi ya mchimbaji mmoja kutoka Mwakitolyo iliingiza kirusi kilichokula kila kitu katika kompyuta ya Mama Nasra, na ndani yake kulikuwa na picha zote za marehemu baba yake, alizokuwa amezihamisha kutoka kwenye albamu kisha albamu yenyewe ikaliwa na mchwa. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, akinyoosha mkeka ambao haukuwa na mkunjo. Baada ya hapo alinunua antivairasi ya kulipia, akaweka nywila anayoijua yeye peke yake. Dirisha jekundu lilipojitokeza likilia, benchi zima liligeuka. "Haa, kaka, umeitoa wapi hiyo?" "Kaa mbali na mimi, utaniambukiza simu!" Mwenye flashi alicheka kwa aibu na kumsingizia shemeji yake. Dereva mmoja wa bodaboda, mteja wetu wa kila wiki, alikuwa akinipa yake kwa mikono miwili: "Dada Kabula, nioshee, lakini taratibu. Mara ile ulisugua mpaka ukanitolea na wasanii." Nami nilijibu kwamba wasanii wake walikuwa wachafu. Nilijiona nesi. Sikuwahi kujiuliza mashine inajuaje.

Mwalimu Luhende alianza kuja baada ya mvua za mwanzo. Alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, na kitambaa cheupe kimefungwa shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Alikuwa amekatwa koromeo katika hospitali ya rufaa Mwanza, kwa sababu ya uvimbe. Alipumua kupitia tundu lililokuwa chini ya kitambaa, na sauti hakuwa nayo tena. Alizungumza kwa daftari. Siku ya kwanza niliandika jibu langu chini ya swali lake. Akasoma, akachukua kalamu: Masikio yangu ni mazima, dada. Nilitamani sakafu inimeze, lakini yeye alikuwa ametabasamu. Tangu siku hiyo nilimwekea kiti cha peke yake, si benchi, na nikawa namsikiliza akiandika. Unaweza kusikia mtu akiandika. Akikasirika kalamu ilikwaruza, akiwaza iligonga mezani. Kwa kalamu hiyo, kidogo kidogo, nilijua ana mama Samuye ambaye haoni, na kwamba yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki.

Ijumaa moja asubuhi aliingia na haraka, anawahi kliniki kubadilishiwa bomba la shingoni. Aliniwekea flashi mkononi na karatasi: Nakala mbili tafadhali, moja kwenye CD, moja kwenye flashi mpya. Narudi mchana. Flashi ilikuwa na faili moja, programu, jina lake MAYU. Nilimpenda Mwalimu, kama unavyompenda mtu anayekuheshimu ukiwa bado hujajiheshimu mwenyewe, nikataka nimfanyie zaidi ya alichoomba. Kwa hiyo niliosha kwanza. Mashine ikalia. Dirisha jekundu, maneno makubwa: hatari ya kiwango cha juu, programu ya kudhuru. Benchi likageuka. "Na walimu nao?" alisema mama mmoja aliyesubiri kopi za vyeti, watu wakacheka. Nikabonyeza Ondoa. Nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, nikawaza atakavyonishukuru kwamba nimemkinga. Flashi ikabaki tupu, nikaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, nikaiweka juu ya kaunta.

Alirudi saa saba tukiwa tunakula. Nilimpa flashi nikimweleza, mdomo bado una karanga, kwamba ilikuwa na kirusi kibaya lakini asijali, nimeshakitoa. Hakuelewa mara moja. Aliketi kwenye kompyuta, akaichomeka, akaifungua, akaitazama ile nafasi nyeupe. Akaichomoa, akaichomeka tena. Kisha akavuta daftari. Kalamu haikukwaruza wala haikugonga. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni, akanigeuzia: Ilikuwa sauti yangu.

Aliyafafanua baadaye, ukurasa baada ya ukurasa, Mama Nasra akisoma juu ya bega langu. Madaktari walipomwambia kwamba wakikata koromeo hatasema tena, alipewa mwezi mmoja. Mwezi huo, kila jioni wanafunzi wakiondoka, alijifungia darasani na kurekodi maneno ya Kisukuma, moja moja. Majina, vyakula, salamu, ndiyo, hapana, nakuja, nimechoka. Maneno mia tatu na kitu. Halafu akaandika programu: anachapa sentensi, inayatoa maneno yake na kuyapanga, yanasikika. Mama yake hasomi, haoni. Barua haimfai, ishara haimfai. Tangu atoke hospitali alikuwa ameenda Samuye mara nne, akamshika mkono, akakaa. Mara ya nne mama alimwambia jirani, yeye akiwa palepale: "Mnaniletea mtu anayepumua tu. Nitajuaje ni wangu?" Kompyuta aliyotumia kurekodi iliungua akiwa bado hospitali, umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, kwa hiyo hakuwa na cha kumsikilizishia. Flashi ile ndiyo iliyobaki, na alikuja kwetu asubuhi ile kwa sababu aliogopa kuwa na nakala moja tu.

"Lakini mashine ilisema," nilimwambia Mama Nasra, nikilia. "Iliandika hatari."

"Mashine haisemi uongo," alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Hii ni ya kulipia." Akamgeukia Mwalimu. "Baba, labda kweli ilikuwa na kitu. Labda uliiokota mahali bila kujua."

Mwalimu alitikisa kichwa, akaandika. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Antivairasi haioni moyo wa kitu, inaangalia kinafanana na nani. Mimi nilifunga maneno yote katika furushi moja nikalikaza ili liwe dogo. Wezi nao hufunga mizigo yao hivyo. Programu yangu haina sahihi ya kampuni. Na duniani kote hakuna mtu mwingine aliyenayo, kwa hiyo hakuna wa kuitolea ushahidi. Niliitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja. Mashine inashuku kitu cha mtu mmoja.

Nimeishi na sentensi zile mbili za mwisho kwa muda mrefu. Nikiwa na miaka ishirini nilizisoma haraka, nikitafuta tu mahali pa kujificha. Leo naona nilikuwa nimefundishwa na duka lile kuamini kwamba kitu salama ni kile ambacho kila mtu anacho: nyimbo zilezile, fomu zilezile, barua ileile ya kuomba kazi niliyobadilisha majina tu. Kilichokuja peke yake, bila wenzake, kilinitisha, nami nikaita woga ule usafi.

Mwalimu aliandika tena: Haifuti mara moja. Inaweka karantini. Tazameni. Na kweli, ndani ya antivairasi kulikuwa na chumba ambacho sikuwahi kukifungua, orodha ndefu ya vitu vilivyozuiliwa, na juu kabisa, cha leo, MAYU. Kando yake kitufe cha Rejesha. Nilikibonyeza. Ikataka nywila. Nikamtazama Mama Nasra.

Alikuwa amesimama, kopo la wali mkononi. "Nikirejesha itakuwaje?"

"Itaikamata tena palepale," nilisema, maana ndivyo maandishi yalivyosema. "Mpaka tuzime ulinzi kwanza."

"Tuzime." Aliweka kopo chini. "Kabula, unajua unaniomba nini?"

"Najua, Mama Nasra."

"Hujui. Mimi nilifungua flashi ya mtu kwa huruma vilevile. Alikuwa na haraka, alikuwa na adabu, alinisalimia shikamoo. Baba yangu nikampoteza mara ya pili." Akamtazama Mwalimu. "Sikuiti mwizi, baba. Lakini nitajuaje?"

Nilidhani Mwalimu ataondoka. Angekuwa na haki. Badala yake alikaa, akafikiri, kalamu ikagonga mezani kwa muda, kisha akaandika kama anayempa mwanafunzi hesabu kwa hatua. Chomoeni waya wa intaneti. Zimeni kompyuta nyingine mbili. Toeni kila mnachokipenda kwenye hii moja, mkiweke pembeni. Rejesheni, nakilini kwenye flashi, washeni ulinzi. Halafu twende tukaifungulie kwenye ile mbovu ya stoo, isiyo na kitu cha kupoteza. Kama mimi ni mwongo, itaumia ile peke yake. Chini yake aliongeza: Una haki ya kuuliza, mama.

Mama Nasra aliisoma mara mbili. Akaenda mlangoni, akageuza kibao cha Tumefunga, ingawa benchi lilikuwa na watu watatu. "Samahanini, jamani, rudini saa kumi." Yule dereva wa bodaboda akanung'unika, "Mama Nasra, hata nyimbo mbili?" "Hata moja!" Alikuja akaketi kwenye kiti changu. Nilinyoosha mkono kushika kipanya, akausukuma. "Toka. Nazima mimi. Kikitokea kitu, niwe nimekizima mwenyewe, nisije nikakulaumu wewe bure." Alichapa nywila kwa kidole kimoja. Aliponyanyua mkono niliona umeloa jasho.

Stoo ilinuka dengu na karatasi. Kompyuta ya zamani ilichukua dakika nyingi kuamka, ikipiga kelele za feni. Spika zake zilikuwa ndogo kama masanduku ya viberiti. Mwalimu alifungua faili, dirisha la kijivu likatokea, halina urembo wowote, na mstari wa kuandikia. Alichapa. Sisi wawili tulisimama nyuma yake, Mama Nasra amenishika kiwiko. Nilitegemea sauti nyembamba, ya mtu mpole mwenye daftari. Ikaja sauti nzito, pana, ya mwanamume aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho: "Mwangaluka. Mayu. Mimi. Luhende." Kila neno lilikuja na pumzi yake, moja limechoka, jingine limetoka kulala. Ilikuwa salamu ya asubuhi na jua lilikuwa limeshapinduka, lakini hakuwa na nyingine. Mtu niliyemjua kwa mwandiko kwa miezi minne ndiyo kwanza alikuwa akiingia chumbani.

"Mhola, baba," Mama Nasra alimjibu. Alivua miwani. "Mhola, mwanangu. Karibu."

Tulitengeneza nakala tano. Moja Mama Nasra aliifungia kwenye sanduku lake la kuwekea dhahabu, nyumbani. Jumatatu aliniamuru niwaandikie wenye antivairasi, "kwa Kiingereza, na uwaambie tumesikitika." Niliwapelekea faili na maelezo kama Mwalimu alivyonielekeza, kwamba wamemshuku asiye na kosa. Baada ya wiki kadhaa lilikuja jibu la mistari mitatu: wamelichunguza faili, ni salama, kosa litarekebishwa. Mama Nasra alilichapisha, akalibandika ukutani kando ya bei za kopi, na kila aliyeuliza ni nini alimwambia, "Wameomba radhi. Wazungu." Tuliendelea kuosha flashi. Virusi vilikuwepo kweli, vingine vibaya sana. Ila nilianza kumwita mwenye flashi kabla ya kubonyeza. "Kaka, njoo utazame. Hiki ni chako? Unakijua?" Kazi ikawa ya polepole. Mama Nasra hakulalamika.

Kabla jibu hilo halijafika, Jumamosi ya wiki iliyofuata, tulienda Samuye, mimi na Mwalimu, na kompyuta ndogo aliyoazimwa na shule. Nilikuwa nimeiingiza MAYU kwenye orodha ya vitu ambavyo ulinzi wa kompyuta ile usiviguse, nikahakikisha mara tatu. Nilienda kwa sababu nilitaka kumwomba radhi mama, na kwa sababu nilitaka kuwepo.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya nyumba, mahali penye ubaridi, akichambua choroko kwa vidole. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, kibuyu cha maziwa kikining'inia, na meza iliyoletwa kutoka kwa jirani kwa ajili ya siku hiyo. Nilimsalimia. Nilimweleza yote kwa Kisukuma, kwamba mimi ndiye niliyeitupa sauti ya mwanawe nikidhani ni uchafu, na kwamba imepatikana. Alisikiliza bila kusimamisha vidole. "Ulikuwa unafagia," alisema. "Anayefagia huzoa na sindano. Haya, yuko wapi?"

Mwalimu alichapa. "Mwangaluka. Mayu."

Vidole vikasimama. Choroko chache zilidondoka sakafuni na hakuna aliyeziokota. Alinyoosha mkono hewani, Mwalimu akaupokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukibaki kwenye vitufe. "Rudia," akasema mama. Ikarudia. "Huyu ni wangu," alisema, si kwetu. Halafu, kama mama yeyote ambaye mwanawe alichelewa sana, alianza kuuliza maswali. Umekula? "Nimekula." Nini? "Ugali. Na. Mlenda." Nani kapika? Mwalimu alinitazama, akachapa, "Mimi." "Mwongo huyo!" alisema mama, "mlenda wewe?" Sauti iliruka kutoka neno hadi neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, na mama alijifunza kuisubiri. Akauliza kama mvua imefika huko mjini. "Mvua. Bado," ilijibu, na nyuma ya neno mvua, kwa sababu Mwalimu alilirekodi darasani dirisha likiwa wazi, jogoo aliwika.

Mama aliinua kichwa. "Jogoo wa nani huyo?"

"Yumo humo ndani, mayu," nilisema. "Alirekodiwa naye."

"Eee." Alifikiri. "Naye mlimpeleka Mwanza akakatwe koo?"

Mwalimu Luhende alicheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Alijirusha nyuma, mdomo wazi, kisha akaiangukia meza, na hakuna kilichosikika ila pumzi ikitoka haraka chini ya kitambaa. Katika mwezi ule wa maneno mia tatu hakukumbuka kurekodi kicheko. Mama alikuwa amegeuza uso upande wake, mdomo tayari umekunjuka nusu, akimsubiri acheke naye. Alisubiri. Niliona uso unaanza kufunga, kidogo kidogo, kama mtu aliyetania mahali pasipostahili.

"Anacheka, mayu," nilisema. "Anacheka sana. Ameinamia meza, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Hawezi hata kuandika."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Sasa anapiga meza kwa kiganja. Umeisikia?"

Aliisikia. Akacheka yeye, kwa sauti, mpaka akajishika ubavu, akapapasa hewani akanipata begani, akanivuta chini kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. "Basi usiondoke," alisema. "Yeye atakuwa anasema mwenyewe. Wewe, akicheka, uniambie."

Nikavuta kigoda mpaka goti langu likagusa la kwake, nikaketi upande ambao ningeweza kumwona Mwalimu usoni.